Kamera Kubwa au Ndogo kwa Picha za Ziwa?

Mwezi huu tunaweka kando habari za homa na lishe, tuzungumze juu ya kamera. Usicheke kwanza. Mama mwenzetu mmoja wa hapa Mwanza alitufuata baada ya ibada, uso umemshuka. Binti yake amemaliza kidato cha sita, na picha anazopiga kwa simu, za miamba na ziwa, zimeanza kununuliwa na wageni. Sasa anataka kamera, tena ile inayoitwa fulu fremu. Mama alikuwa tayari kukopa kwenye kikundi, na marejesho yangemkuta Januari, mwezi wa kuwanunulia wadogo zake sare na madaftari.

"Ninyi mmesoma," alituambia. "Niambieni, ile ndogo ni ya kuchezea watoto?"

Sisi kazi yetu ni uuguzi, na kamera tunazijua za harusini tu. Lakini mkopo wa bure haupo, kwa hiyo tulimwendea fundi picha mmoja tunayemfahamu, naye akakubali kutuonyesha kamera zote mbili kwa jioni moja.

Tuliokua enzi za mkanda wa picha tunakumbuka negativu. Kila kipande kilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera za leo hazina mkanda. Mahali pake pana kihisi, yaani kibapa kinachopokea mwanga. Kwenye fulu fremu kihisi ni sawasawa na kile kipande cha zamani. Kwenye kamera za fremu ndogo ni kama milimita 24 kwa 16, na eneo lake halifiki nusu ya lile kubwa. Hebu fikiria beseni mbili zilizowekwa nje mvua ikinyesha: pana hukusanya maji mengi zaidi kwa muda ule ule. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwanga.

Tulifika ufukweni mbele ya Jiwe la Bismarck jua likikaribia kuzama. Fundi alifunga lenzi ya milimita 24 kwenye kila kamera. Kubwa ilichukua jiwe lote, maji pande zote mbili na mitumbwi miwili. Ndogo ilikata mitumbwi yote miwili! Binti akatutazama kama anayesema, mmeona? Fundi akacheka. Kihisi kidogo huchukua sehemu ya katikati tu ya kile lenzi inachoona, kwa hiyo milimita 24 huwa kama 36. Dawa yake ni lenzi pana zaidi, ya milimita 16, na mitumbwi inarudi. Tena ukitaka kuvuta kisiwa cha mbali, kule kukata kunakusaidia: lenzi ya milimita 200 inakuwa kama 300.

Kisha akatoa stendi ya miguu mitatu, na hapa ndipo tulipoelewa. Jiwe haliendi popote. Kamera ikisimama imara, unaweza kuacha mwanga uingie sekunde nzima au hata zaidi, na beseni dogo nalo likajaa. Aliyeshika kamera mkononi giza likiingia hawezi, maana mkono hutetemeka.

Fundi alichapa picha moja ya kila kamera kwenye karatasi ya A3, ukubwa wa kalenda ya ukutani. Zote mbili zilikuwa za pikseli milioni 24. Akaandika alama nyuma, akamwuliza mama ipi imetoka kwenye kamera kubwa. Mama alizitazama kwa muda mrefu, akachagua ile ya ndogo.

Tusifiche lakini. Fundi alipoing'arisha kwenye kompyuta ile sehemu ya jiwe iliyokuwa kivulini, picha ya kamera ndogo ilitoa chenga, mfano wa televisheni iliyokosa mawimbi. Kubwa ilibaki safi zaidi. Njia ya kuepuka ni kupiga picha mbili, moja ya kupata anga na nyingine ya kupata jiwe, kisha kuziunganisha. Na giza lilipotanda, taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani, stendi haikutusaidia, kwa sababu mitumbwi husogea na taa zikawa michirizi. Hapo kubwa ilishinda waziwazi. Binti akisema siku moja kwamba kazi yake ni wavuvi wa usiku, tutamwelewa.

Kwa miamba, kwa mandhari ya Capri Point asubuhi, kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, ndogo inatosha. Bei ya kubwa pamoja na lenzi yake ilikuwa zaidi ya mara mbili, na mzigo wake begani si wa kupanda nao mawe.

Basi wakaamua kununua fremu ndogo iliyotumika, lenzi pana na stendi nzito kidogo isiyoyumbishwa na upepo wa ziwa. Mkopo ukapungua kiasi cha kulipika. Kabla ya kutoa pesa, fundi alimfundisha mama kupiga picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16. Madoa yanayorudi mahali pale pale kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Akamfundisha pia kumulika lenzi kwa tochi na kuchungulia ndani. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni ukungu, na hapa kwetu kando ya ziwa ukungu huo si kitu cha ajabu. Lenzi ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa nao, mama akairudisha mwenyewe.

Binti bado anaitaka ile kubwa. Mama amemwambia aanze kuiwekea kutokana na kalenda atakazouza.