SEHEMU YA 6: "Exclusive" ndio nini?

Mama zangu, leo nawagombeza manesi wenzangu, sio nyie.

Tunamuuliza mama, "Unafanya exclusive breastfeeding?" Anaitikia "ndiyo", tunaweka tiki. Kumbe nyumbani mtoto wa miezi miwili anapewa maji ya uvuguvugu, na bibi anaongeza kijiko cha uji. Mama hajadanganya! Ananyonyesha kweli. Neno ndilo halikumwambia kitu.

Hata tukisema "maziwa ya mama pekee", bado. Wengi wanasikia: usimpe ya ng'ombe wala ya kopo. Maji kwao si maziwa, hivyo hayahesabiki.

Jamani, tuseme hivi: "Mpaka atimize miezi 6, mtoto anyonye tu. Hata maji usimpe. Dawa aliyoandikiwa kliniki, mpe." Na swali liwe: "Tangu jana asubuhi, ukiacha ziwa, ameonja nini kingine?"

Kuna atakayesema joto la Dar litampa mtoto kiu. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Akiona kiu, mnyonyeshe. Ukimpa maji, katumbo kanajaa, ananyonya kidogo, na maziwa yako nayo yanapungua. Yakiwa machafu, anaharisha.

Kiingereza chetu kinapendeza semina. Anayeharisha ni mtoto.

Na wewe mama, ukiulizwa usichokielewa, usiitikie tu. Sema: "Dada nesi, niambie kwa Kiswahili." Ni haki yako.