Programu Nazo Zijifunze Udalali

Wale mnaosomea kompyuta hebu njooni Al-Hindawiyah, hapa Jeddah, mumtazame dalali wa mizigo akiwa kazini. Mteja anataka masanduku yake yafike Mombasa kabla ya harusi, na meli imeahirishwa. Dalali hasemi "mfumo hauruhusu". Anampigia huyu, anambembeleza yule, anauliza bei ya lori mpaka Dammam, na jioni njia imepatikana.

Programu nyingi za ofisini haziyawezi hayo. Zimepangiwa hatua moja, mbili, tatu. Ya pili ikikwama, basi kazi yote imelala. Novemba 2023 Wahouthi walipoanza kushambulia meli za biashara Bahari ya Shamu, kampuni kubwa kama Maersk ziligeuza meli zao zikapita Rasi ya Tumaini Jema. Lakini mzigo wa kutoka Jeddah kwenda Mombasa njia yake ni Bab el-Mandeb penyewe. Kuikwepa ni kupanda Suez na kuizunguka karibu Afrika nzima! Ratiba iliyokuwa ndani ya kompyuta ikawa pambo tu.

Dawa yake haikuanza jana. Miaka ya 1990, Nick Jennings na wenzake kule Uingereza walitengeneza ADEPT, wakaijaribu kwenye kazi ya British Telecom ya kumwandalia mteja bei ya kuwekewa mtandao. Kila idara iliwakilishwa na programu-wakala yenye malengo yake, na mawakala hao wakajadiliana wenyewe: nani afanye nini, lini, kwa bei gani. Huyu akishindwa, anatafutwa mwingine. Jamani, huo si udalali?

Siku hizi programu za namna hiyo zinaongea hata lugha za watu, na kila tajiri anazitaka. Mimi pia nazitaka, ila kwa sharti. Dalali akipandisha gharama, duka lake unalijua. Utakwenda, mtazozana, pengine atapunguza. Wakala wa kompyuta akiamua usiku wa manane mzigo upitie Dammam kwa riyali 400 zaidi, nani atalipa? Kwa ninavyowajua wafanyabiashara, atabebeshwa mteja, yaani yaya au dereva aliyejinyima miezi mingi.

Programu ipewe uhuru wa kutafuta njia, kulinganisha bei na kushika nafasi melini. Ikifika kwenye kuongeza pesa au kuchelewesha mzigo, imuulize mwenyewe kwanza, kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili anachokielewa. Na kwenye risiti liandikwe jina la binadamu wa kuzozana naye.