Namba ya Gari Kwenye Simu ya Mwenzake

Na Njoki Kamande

Juzi saa tatu usiku nilikuwa kwenye kioski pale Kahawa Wendani nikingoja chenji. Msichana wa miaka ishirini na kitu akasimama kando, akapiga picha namba ya gari lililokuwa likimngoja, akaituma, akasubiri ajibiwe, ndipo akaingia. Mwenye kioski hakuinua hata kichwa. “Amemtumia mwenzake. Saa sita ikipita hajapiga, wanaanza kumtafuta.”

Huyo mwenzake ndiye kituo cha polisi cha wasichana hawa wanaouza miili. Humchangia hela za bando, naye hukesha na simu. Sasa fungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 154: mwanamke anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine, hata kwa sehemu tu, au anayeongoza nyendo zake ili apate faida, ana kosa la jinai. Mbele ya afisa mwenye njaa, hela za bando zinatosha kabisa.

Ajabu ni kwamba mwanamke mtu mzima kuuza mwili wake hakutajwi humo kuwa kosa. (Nimesema mtu mzima. Aliye chini ya miaka 18 ni wa kuokolewa, na mteja wake anangojwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.) Lakini wawili wakipanga bedsita moja ili mmoja akipiga kelele mwingine asikie, kifungu cha 156 kinaweza kukiita chumba hicho danguro, na landilodi hatangoja kuulizwa. Sheria iliyotungwa kumnasa kuwadi inamfungia msichana mlango, yeye na mgeni, basi.

Walioling'amua hili mapema ni wenyewe. Wahudumu wa baa wa Nairobi walianzisha Bar Hostess Empowerment and Support Programme mwaka 1998, na baadhi yao wakafunzwa usaidizi wa kisheria. Anayejua Kifungu cha 49 cha Katiba huweza kusimama kwenye kaunta ya kituo na kudai mwenzake afikishwe kortini ndani ya saa 24. Muungano wa kitaifa wa wanaofanya kazi hii, KESWA, ulizaliwa 2010. Sisi wengine tulikuwa tukiwapelekea cherehani. Sijui ni nani aliyetuaminisha kwamba kila mwanamke wa Kenya ni fundi nguo aliyepotea njia.

Januari 2025 Marekani ilipofunga mfereji wa misaada, vituo ambako wanawake hawa walikuwa wakipata dawa na kondomu bila kutazamwa vibaya vilifungwa nchini. Mwezi uliofuata Marekani ikaruhusu sehemu ya misaada hiyo irudi, ila dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI zikabaki za wajawazito na wanaonyonyesha. Hospitali zetu za umma ziko wazi, ndiyo, lakini nenda ukaeleze shida hiyo mbele ya foleni ambamo yumo jirani yako.

New Zealand ilibadilisha sheria yake 2003. Huko watu wazima hadi wanne huweza kufanya kazi hii katika nyumba moja bila cheti, mradi hakuna bosi juu yao. Hakuna fedha ya mfadhili inayohitajika kuandika sentensi kama hiyo. Wagombea watakaotujia Wendani 2027 na lami yao ya kila msimu nitawauliza habari za 154 na 156, na nitawauliza palepale kioskini.