Fundi wa Ngong Road si mwizi wa dizaini

Wiki jana niliposti video ya fundi mmoja wa Ngong Road akichonga kiti. Si mnajua vile viti vya miguu iliyopinda, mgongo wa nakshi, rangi ya dhahabu, vile maharusi hupigiwa picha wakiwa wamekalia? Nilidhani mtasifu mkono wake. Wapi! Komenti zikajaa "feki", "kopi ya Ulaya", "Mkenya hawezi kubuni kitu". Msee mmoja akasema fundi ashushe bei juu hiyo dizaini "hajaitoa kichwani".

Sawa. Leo tuongee kuhusu hizo orijino zenu.

Huo mtindo unaitwa Louis wa 15, mfalme aliyetawala Ufaransa kutoka 1715 hadi 1774. Ukiona miguu imepinda kama ya mbuzi, ni yeye. Ukiona imenyooka na kuchongwa mifereji kama nguzo ya hekalu, hiyo wanaita Louis wa 16. Sasa shida ni hii: mtindo wa Louis wa 16 ulikuwa ushaanza Paris miaka kadhaa kabla huyo Louis hajawa mfalme. Jamaa alipenda kuchezea kufuli, hiyo ni kweli, lakini mtindo hakubuni. Makabati na meza za ikulu yake zilitengenezwa na watu kama Jean-Henri Riesener, mhamiaji kutoka Ujerumani. Jasho la Riesener, jina la Louis.

Na hizo nguzo za hekalu zilitoka wapi? Kwa Wagiriki na Warumi. Mji wa Herculaneum ulianza kufukuliwa 1738, Pompeii 1748, na matajiri wa Ulaya wakataka nyumba zao zifanane na magofu. Hakuna aliyewaambia ni feki.

Twende London. Thomas Chippendale, ndiye huyo watu wakitaja jina lake kwa mnada bei inapanda. Mtoto wa seremala kutoka Yorkshire. Mwaka 1754 alitoa kitabu cha michoro ya fanicha, na kwenye jalada la ndani ameandika waziwazi kwamba dizaini zake ni za Kigothi, za Kichina na za kisasa. Hiyo "ya kisasa" ilikuwa staili ya Wafaransa. Yaani buda alikopi wazee wa kanisa, akakopi Wachina, akakopi majirani, halafu akauza kitabu ndio maseremala wengine wamkopi yeye. Wakamkopi kweli, mpaka Marekani. Viti vingi vinavyoitwa Chippendale leo havikuguswa na Chippendale.

Kabla yake, 1688, Waingereza walikuwa washachapisha kitabu cha kufundisha watu kuiga vanishi ya Wajapani na Wachina. Na Napoleon alipovamia Misri 1798, haikuchukua muda fanicha za Paris zikaanza kuota vichwa vya sfinksi. Hiyo ni Afrika, wasee. Walichukua dizaini zetu, wakaziita staili ya Milki, na mpaka leo hakuna mtu anashuka kwa komenti kuwaambia washushe bei.

Lakini kuna kitu kinaniuma zaidi ya kukopi. Mbao.

Fanicha ya Kiingereza ya karne ya 18 inajulikana kwa mahogani, ile mbao nyekundu inayong'aa. Uingereza haina mti huo. Mwaka 1721 bunge lao liliondoa ushuru kwa mbao kutoka makoloni yao ya Amerika, na mahogani ya Jamaica ikaanza kumiminika London. Waliokata ile miti na kuiburuta hadi mtoni walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Kazi kubwa zaidi aliyowahi kupata Chippendale ilikuwa jumba la Harewood, la familia ya Lascelles, na pesa ya familia hiyo ilitoka kwa sukari na biashara ya watumwa huko Karibi. Kwa hivyo mnapomwambia fundi kiti "ni cha wazungu", hesabuni vizuri ni mikono ya nani ilikigusa kwanza.

Sitetei kazi mbovu. Mbao mbichi ikipasuka, mguu ukilegea baada ya miezi mitatu, rudisha kiti na upige kelele. Hiyo ni haki yako. Lakini kumpunguzia mtu elfu tano kwa sababu mchoro ameutoa kwa simu yako (maana wewe ndiye ulimtumia hiyo picha, tusidanganyane) huo ni ukora.

Kitu kimoja Wafaransa walifanya sawa. Katikati ya karne ya 18, chama cha maseremala wa Paris kiliwalazimisha mabingwa wake kugonga muhuri wa jina lao kwenye kazi. Uko chini ya kiti au nyuma ya kabati, na leo huo muhuri peke yake unaweza kubadilisha bei kabisa. Niligeuza kile kiti cha Ngong Road nikaangalia chini. Kulikuwa na namba ya simu ya mteja, imeandikwa kwa chaki. Nikamuuliza fundi mbona haweki jina lake. Akacheka, akasema mteja hatataka.

Wewe ndiye mteja. Ukienda kuchukua kiti chako, mwambie aweke.