Tunamwitaje Mwanamke Avukaye Bahari?

Mwaka 2014, Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi aliyesomea sanaa Marekani, alifanya maonyesho jijini London akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Wazungu waliofika pale ilibidi walitamke neno letu kwanza, ndipo waitazame kazi yake.

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari katika kisiwa cha Pate. Niliwaonyesha picha ya sanamu yake ya shaba ya mwaka 2017, Water Woman: mwanamke mweusi aliyeketi, nusu mtu, nusu nguva. Mwalimu mwenzangu akaninong'oneza kwamba picha ile haina stara. Kabla sijamjibu, msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, huyu atoka baharini au arudi?"

Swali hilo halijanitoka. Katika visiwa vya Lamu nguva si hekaya tu. Ni mnyama anyonyeshaye, ambaye wavuvi wa Pate na Kiunga walimjua kabla hajawa adimu. Mutu amemchukua kiumbe huyo asiye wa nchi kavu wala wa maji matupu, akamfanya sura ya mwanamke mhamaji, ambaye huku si wao na kule si wao.

Sasa tujiulize: mwanamke wetu avukaye bahari kwenda kupika na kufua katika nyumba za Saudia au Omani, tunamwitaje? Katika insha za wanafunzi, na hata magazetini, nakutana na neno kijakazi.

Wako watakaodai kuwa ni kiambishi tu. Nakubali kwamba ki- peke yake si dharau, kwani hata kiongozi anacho. Tatizo ni historia. Kijakazi ni msichana mtumwa. Katika karne ya 19 mashamba ya bara, mkabala wa visiwa hivi, yalilimwa na watumwa, wanawake kwa wanaume, na wengi wao waliletwa kwa majahazi. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria ilimwachia huru mtu, lakini jina tukalihifadhi, na leo twamvisha binti aliyetia saini mkataba wa kazi na anayestahili mshahara, mapumziko na pasipoti yake mkononi. Akidhulumiwa huko, tutashangaa vipi, ilhali sisi wenyewe tulikwisha kumwita mtumwa kabla hajapanda ndege?

Mutu hukata picha za wanawake kutoka majarida ya mitindo na michoro ya zamani ya kitabibu, akaziunganisha upya. Anatuonyesha kwamba mwili wa mwanamke mweusi umeelezwa mno na wengine. Nasi tumo miongoni mwa hao wengine, kila tuchaguapo neno bila kulipima.

Hoja ya stara ya mwenzangu naiheshimu. Lamu ina adabu zake, na mwalimu ana hiari ya kuchagua picha. Lakini neno nalo laweza kumvua mtu nguo mbele ya umma. Walimu, tukisahihisha insha, tuandike pambizoni: mfanyakazi wa nyumbani. Nanyi wanafunzi, msiogope kuuliza kama yule binti wa Pate. Huenda mama yake, au dada yake, yuko ng'ambo ya maji hayo.