Mlango wa Serengeti si ghali, ghali ni gari

SOKO la mapumziko ya familia mkoani Simiyu hufunguka mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili wauzaji huwa hawajapanga bidhaa. Mara ya kwanza ni Nane Nane, wakati sehemu kubwa ya pamba imekwisha kuuzwa na viwanja vya Nyakabindi vimejaa watu. Mara ya pili ni Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambayo huangukia mwisho wa kiangazi, wiki chache tu kabla wakulima hawajafunga ng'ombe kwenye majembe.

Mwaka 2024 Oktoba 14 ilikuwa Jumatatu. Maana yake ni kwamba mtumishi wa Bariadi alikuwa na siku tatu mfululizo za kukaa na watoto. Mwenye uwezo wa kutoka na familia yake katika siku kama hizo kwa kawaida hufikiria Mwanza kwanza: maduka makubwa, kisiwa cha Saanane, chipsi na soda kando ya ziwa. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini shilingi iliyochumwa Bariadi kwa pamba, mchele na dengu hupita Lamadi ikiwa ndani ya basi, haishuki, ikaenda kununua usingizi na chakula katika mkoa mwingine.

Kinachoshangaza ni jiografia yenyewe. Barabara ya lami kutoka Bariadi hadi Lamadi ni ya kilomita 70 na ushei, ikipita Nyakabindi na Dutwa. Mwisho wake kuna Ziwa Victoria, na ukikata kulia kuelekea Bunda, mwendo mfupi tu mbele, liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kando kabisa ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kulifuata pori hilo. Familia ya Bariadi inaweza kunywa chai nyumbani na kuwa langoni kabla jua halijawa kali.

Sababu inayotajwa kila mara ni kwamba hifadhi ni ya Wazungu na bei yake ni ya Wazungu. Hesabu haikubali. Viwango ambavyo TANAPA imekuwa ikivitangaza kwa raia wa Afrika Mashariki katika Serengeti ni Sh. 10,000 kwa mtu mzima na Sh. 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kabla ya VAT, na mtoto wa chini ya hapo halipi kitu. Ichukuliwe familia ya baba mwalimu, mama mwenye duka la vitenge, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja wa kubebwa. Kiingilio chao ni Sh. 24,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh. 28,320. Hiyo si bei ya Wazungu. Kuna harusi za Bariadi ambazo kadi ya mchango peke yake hupita hapo.

Gharama inayomshinda mwalimu huyo iko baada ya lango. Hifadhini mtu hatembei kwa miguu, bodaboda haiingii, na basi la abiria litamshusha barabarani limwache hapo akitazama bango. Lazima awe na gari. Land Cruiser ya kukodi ni ya laki kadhaa kwa siku, na wenye magari hayo wamezoea kupanga bei wakimfikiria mteja anayelipa kwa dola. Hapo ndipo safari ya familia hufia.

Sasa itazamwe biashara hiyo hiyo kwa jicho la mwenye Coaster. Tuseme gari la viti 25 linakodishwa kwa Sh. 600,000 kwa siku pamoja na mafuta, dereva na ushuru wake wa kuingilia. Kila kiti ni Sh. 24,000. Familia ya mwalimu, mtoto mdogo akipakatwa, inachukua viti vinne, yaani Sh. 96,000. Jumlisha kiingilio, ni Sh. 124,320. Chakula watabeba: matobolwa, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Hesabu hii ni ya kukadiria na kila mwenye gari atakuwa na yake, lakini inatosha kuonyesha kuwa kikwazo ni namna bidhaa inavyopimwa. Sukari haiuzwi kwa gunia peke yake; inauzwa pia kwa kilo na kwa robo. Safari ya Serengeti imeendelea kuuzwa kwa gunia.

Zipo sababu za kuichagua Oktoba. Ukanda wa magharibi wa Serengeti, ambao lango lake ndilo Ndabaka, una udongo mweusi wa mbuga, ule ule ambao mkulima wa Simiyu anaufahamu kwa jinsi unavyoshika gurudumu la mkokoteni. Mvua zikikolea, gari la kawaida halipiti. Mwisho wa kiangazi njia ni kavu, nyasi zimekwisha, na wanyama husogelea maji yaliyobaki ya mto Grumeti, ambako mamba wake wanajulikana dunia nzima. Misafara mikubwa ya nyumbu huwa imekwisha kupita eneo hilo miezi ya nyuma, na anayeuza tiketi aseme hivyo waziwazi ili asije akagombana na wateja jioni. Twiga, pundamilia, viboko na swala wanatosha kwa mtoto ambaye hajawahi kuwaona.

Na wapo wengi ambao hawajawaona, au wamewaona vibaya. Vijiji vya Bariadi, Itilima, Meatu na Busega vilivyo jirani na hifadhi na Pori la Akiba la Maswa vinamfahamu tembo kama mwizi wa mahindi. Mtoto wa huko amekesha na baba yake akipiga debe shambani usiku. Kumtaka mtoto huyo akikua awe mlinzi wa wanyama, wakati hajapata hata siku moja ya kuwatazama kwa furaha, ni kudai faida kwenye duka ambalo hukuwekeza mtaji.

Upande wa mfuko, Oktoba ni mwezi mgumu, na hapa wauzaji wanapaswa kuwa waangalifu. Fedha ya pamba huingia Simiyu kuanzia Mei, na mkoa huu ndio unaoongoza kwa zao hilo nchini. Bei dira ya kilo moja ilikuwa Sh. 1,200 mwaka 2019, ikashuka hadi Sh. 810 mwaka 2020, ikapanda hadi Sh. 1,560 mwaka 2022, kisha Sh. 1,060 mwaka 2023. Familia inayoishi kwa bei inayorukaruka namna hiyo haiwezi kupanga mapumziko kama karani wa benki. Mwaka 2019 hata bei nzuri haikusaidia, kwa kuwa soko la dunia lilianguka na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakiwa na stakabadhi mkononi bila malipo. Nane Nane ya mwaka huo ilifanyika kitaifa hapo hapo Nyakabindi. Maonyesho yalikuwepo, fedha ya watu ilikuwa bado kwa wanunuzi.

Kwa hiyo mteja wa Oktoba si mkulima wa pamba. Fedha yake imekwisha kugeuka bati, ng'ombe au mahari, na aliyebakiza gunia la mahindi la kumfikisha mwezi Machi asishawishiwe kuliuza ili akaone simba. Mteja wa Oktoba ni mwalimu, muuguzi, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, mwenye duka, mnunuzi wa mazao. Naye pia ana tatizo lake: sikukuu huja katikati ya mwezi, mshahara wa Septemba umekwisha na wa Oktoba haujatoka. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapoonekana kama msaada. Safari ya siku moja iliyolipiwa kwa kausha damu inaweza kuliwa na riba mpaka Januari, wakati wa sare na madaftari.

Dawa yake haihitaji semina. Kiti kiuzwe mwishoni mwa Agosti na mwishoni mwa Septemba, nusu kwa nusu, mshahara ukiwa mbichi. Vyama vya kuweka na kukopa vya watumishi vina orodha ya wanachama na utaratibu wa makato. Mwenye Coaster akikubaliana na chama kimoja tu amejaza gari kabla hajanunua mafuta. Akina mama wa vikoba wanalifahamu jambo hili kuliko maofisa biashara wengi, maana ndivyo wanavyonunua vitenge vya harusi.

Lamadi nayo inatakiwa ijitazame. Ni mji uliokua kwa biashara ya barabarani na samaki, na gesti zake nyingi zimejengwa kwa msafiri mmoja anayelala na kuondoka alfajiri: chumba kimoja, kitanda kimoja, na baa chini ya dirisha. Familia yenye watoto watatu haina pa kulala hapo kwa amani. Zile hoteli za kando ya ziwa zinazofaa watoto zimeelekezwa kwa mgeni wa safari za kitalii. Kati ya hizo mbili kuna pengo ambalo mtu mwenye vyumba vinne vya vitanda viwili viwili, choo safi na sato wa kukaanga anaweza kulijaza. Asisahau tu kuwaambia wazazi ukweli kuhusu maji: ziwa lina kichocho, na baadhi ya fukwe zina mamba na viboko. Watoto wacheze mchangani.

Watakaosema mapumziko ni anasa ya kuiga wasome historia ya Usukuma. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wamekuwa wakishindana kwa ngoma tangu enzi za mababu, na watu walitembea mbali kwenda kutazama, wakila na kulala kwa jamaa. Familia nzima ilitoka. Tofauti ya leo ni kwamba usafiri na malazi yana bei, na anayepanga bei hiyo hajamfikiria mwenye watoto.

Suala lililobaki ni kalenda, maana Tanzania haina desturi ya kuhamishia sikukuu Jumatatu. Oktoba 14 ya mwaka 2025 ni Jumanne, ya 2026 ni Jumatano na ya 2027 ni Alhamisi. Mfanyabiashara anayesubiri irudi Jumatatu atasubiri mpaka mwaka 2030. Nane Nane ya 2026 ni Jumamosi, ambayo kwa mwenye duka ni siku ya mauzo. Anayetaka kuianza biashara hii aanze kwa kuuza Jumamosi moja ya kawaida ya Oktoba, gari moja, viti 25, na aone vinaisha kwa siku ngapi.