Meno ya kahawia si uchafu

Wakenya, hii tabia ya kucheka mtu wa Nakuru ama Naivasha akitabasamu, eti "huyu hajui mswaki", iishe. Iishe leo.

Hayo meno yaliharibika rangi mtu akiwa mtoto, kabla hata hayajaota. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kutoka kwa mawe ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huko vinapita hapo mbali sana. Mtoto anakunywa, jino linajijenga nayo. Rangi iko ndani ya jino, sio juu. Sasa mswaki utatoa nini?

Lakini juu ya kejeli zenu, watu wanasugua na mswaki mgumu, majivu, makaa, hadi ndimu. Rangi haitoki. Kinachotoka ni ufizi, halafu chai ya moto inaanza kuuma.

Na nyinyi wenye meno meupe, mswaki ni ule wa Januari, nyuzi zimelala kama nyasi za uwanja, na bado mnajiita wasafi! Mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili, ubadilishe kila miezi 3 au 4. Uwe na rangi ama usiwe nayo.

Chujio za makaa ya mifupa zinapunguza hiyo floraidi, na zimewahi kutengenezwa Nakuru penyewe. Mkimaliza kucheka, ulizeni kaunti zenu ni shule ngapi zimewekewa.